Kuchagua spana za koperative: tuangalie jina, ao tuangalie buloni?

Ndugu wanachama, mara mingi tunaongea hapa juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaongea juu ya chuma. Pengine mutajiuliza: agronome anatafuta nini ndani ya sanduku la vyombo?

Jibu liko kwenye ngazi za mawese. Ngazi zikishakatwa na kuchubuka, mafuta yaliyo ndani yanaanza kuharibika yenyewe, asidi inapanda siku kwa siku. Mashini ya kukamua ikisimama siku nne juu ya buloni moja iliyokataa kufunguka, mnunuzi atayataka mawese yenu kwa sabuni tu, na kwa bei ya sabuni. Ni vilevile kwa mashini ya kusaga: muhogo unakaa ndani ya magunia, na wamama wanabeba mzigo mpaka kijiji kingine. Na kama fundi lazima atoke Uvira, muhesabu tena barabara na mvua.

Buloni inakataa juu ya nini? Mara moja ni kutu. Mara mingine ni spana mbaya iliyokula pembe zake sita, kichwa kikabaki mviringo kama chupa. Kwa hiyo tuone namna ya kuchagua.

1. Spana tunayoongelea

Ni ile yenye vichwa viwili: upande moja mdomo wazi, upande mwingine pete. Wengi kwetu wanaiita kle, ndugu wa Kigoma wanasema spana. Vichwa vyote viwili viko na namba moja. Namba 13 maana yake milimita 13 kutoka ubavu wa nati mpaka ubavu unaoitazama.

Mdomo umelazwa kidogo, digrii 15, ili mahali padogo ugeuze spana na kuendelea kuzungusha. Lakini mdomo unashika mbavu mbili tu. Pete inazunguka nati yote. Kwa hiyo, kulegeza mara ya kwanza na kukaza mara ya mwisho ni kazi ya pete. Mdomo ni wa kuzungusha haraka katikati.

2. Majina yaliyo sokoni

Tunaweza kuyapanga kwa makundi matatu.

*Kundi la kwanza* ni majina ya zamani ya Ulaya: Facom ya Ufaransa, iliyoanza 1918, na Gedore ya Ujerumani, iliyoanza 1919. Chuma chao ni kigumu, vipimo ni sawasawa, bei iko juu. Karakana inayofungua moteri kila siku inarudisha pesa hiyo. Koperative yenye mashini moja haina lazima.

*Kundi la pili* ni majina ya bei ya kati, kama King Tony ya Taiwan, ao Ingco na Tolsen za China. Kwa kazi yetu, spana nzuri ya kundi hili inatosha.

*Kundi la tatu* ni sanduku la vipande mingi, halina jina, ao liko na jina ambalo halijulikani. Linang'aa sana na bei ni ndogo. Hapo ndipo pembe za buloni zinakufa.

Lakini muangalie: jina linaandikwa kirahisi. Hata alama Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi, mtu anaweza kuigonga juu ya chuma chochote. Na kung'aa ni ngozi ya kromu tu, haionyeshi chuma cha ndani. Kwa hiyo jina linatuanzia kazi, haliimalizi.

3. Majaribio mane mbele ya kulipa

Ingia dukani na nati mpya mfukoni, zenye namba unazotafuta.

- *Vaa nati.* Iingie bila kusukumwa, na isicheze kushoto na kulia. Ikicheza sana, rudisha.
- *Angalia mdomo.* Mbavu mbili za ndani zisimame sambamba. Zikifunguka kama V, zitashika pembe tu na kuzikata.
- *Pitisha kidole pole.* Kromu inayobanduka itakata mkono wa mtu anayefanya kazi.
- *Omba tupa.* Mwenye duka akikubali, kwaruza kidogo ndani ya mdomo. Chuma laini kinaliwa kirahisi kama msumari. Chuma kilichokomazwa kinashindana na tupa.

4. Mashini yenu ndiyo inayosema namba

Musinunue vipande 20 kama mashini inatumia namba sita. Buloni ya unene wa milimita 8 kwa kawaida inataka spana 13, lakini kwenye vyombo vya Kijapani inataka 12. Ile ya milimita 10 inaweza kutaka 17, 16 ao 14, kufuatana na nchi ilikotengenezwa. Pikipiki inatumia sana 10, 12, 14 na 17.

Mujihadhari pia na spana za inchi. Ile ya 11/16 ni karibu milimita 17.5. Juu ya nati ya 17 inaonekana kama imeingia vizuri. Ile nusu milimita ndiyo inayokula pembe.

Shauri letu: pesa ya sanduku kubwa la kundi la tatu, nunueni spana sita za kundi la pili, moja moja, kwa namba za mashini yenu. Zitafungua nati zile zile kwa miaka mingi.

5. Kuzitunza

Musiongeze bomba kwenye mkono wa spana. Urefu wake umepimwa kwa nguvu ya buloni yake. Ukiongeza bomba, buloni inakatika ndani ya moteri. Musigonge spana kwa nyundo kama haikutengenezwa kwa kugongwa. Buloni yenye kutu muipake mazutu, muiache usiku moja, kisha mutumie pete.

Mkimaliza kazi, panguseni kwa kitambaa chenye mafuta, kwa sababu hewa ya ziwa inaleta kutu. Chora umbo la kila spana juu ya ubao: iliyokosekana itaonekana palepale. Aliyeazima aandikwe ndani ya daftari.

Kazi ya nyumbani

Mbele ya mkutano ujao, watu wawili wasimame mbele ya mashini na spana za kuazima, wajaribu kila buloni na kuandika: namba gani, ziko ngapi, ngapi zimekwisha kuwa mviringo. Hizi za mwisho zibadilishwe sasa, mashini ikiwa imepumzika, musingojee ngazi zijae uwanjani. Karatasi hiyo ndiyo mutakayomuonyesha mwenye duka.