Mlango wa Kununiana kwa Ajili ya Siasa, na Hukumu ya Salamu ya Simu

Jua, Mwenyezi Mungu akurehemu, ya kuwa kumnunia ndugu Muislamu na kukata maneno naye huitwa katika fikihi hajri. Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza hajri ipitayo masiku matatu, na akamfadhilisha yule aanzaye kutoa salamu. Wanavyuoni wamesema: siku tatu zimesamehewa kwa kuwa binadamu ameumbwa na ghadhabu, na ghadhabu hupoa. Zikipita, hapana tena udhuru wa hasira.

Basi atazame mtu hali ya Unguja na Pemba baada ya uchaguzi wa mwaka 1995. Watu walikatana kwa ajili ya vyama hata huyu asinunue dukani kwa huyu, wala asende mazikoni kwake, na wengine wakakataa kusali nyuma ya imamu wa chama kingine. Subhanallah! Sala nyuma ya Muislamu yeyote ajuaye nguzo zake na masharti yake ni sahihi katika madhehebu ya Shafii, hata akiwa fasiki, ijapokuwa ni karaha. Seuze aliyekhitalifu nawe kwa kura tu. Na maiti kumzika ni fardhi kifaya, haiulizwi kadi yake.

Kisha tarehe 5 Novemba 2009 wakakutana Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, na tarehe 31 Julai 2010 raia wakaulizwa kwa kura, wakakubali Serikali ya umoja wa kitaifa watu 66 katika kila mia. Wala hapana aliyetakiwa kuacha chama chake. Ni kweli kuwa khitilafu ilirudi ulipofutwa uchaguzi wa mwaka 2015, walakini umoja huo ulipatikana hapo kwanza, na waliokuwa hawasalimiani wakasalimiana.

Siku hizi ugomvi umehamia katika simu. Mtu asiyethubutu kumtukana jirani yake barazani humtukana usiku katika kundi la WhatsApp, na khabari isiyojulikana aliyeianza huipeleka kwa watu mia kabla ya kuiuliza. Katika Suratul Hujurati mna amri ya kuihakikisha khabari, na makatazo ya dharau, majina mabaya, dhana na kusengenya. Na kidole kiandikacho kina hukumu ya ulimi.

Ama masala yaulizwayo sana ni haya: waliokatana wakipelekeana salamu kwa maandishi, je, hajri imeondoka? Imamu Nawawi ameitaja masala ya barua katika sherehe ya Sahihi Muslim. Amesema kuna kauli mbili kwa aliye mbali: ya kwanza, dhambi haiondoki, kwa kuwa hakusema naye, ya pili, nayo ndiyo sahihi zaidi, huondoka, kwa kuwa ule ugeni wa nyoyo umeondoka. Na simu ni barua iendayo upesi. Kwa hiyo aliyeko Muscat na nduguye aliyeko Mombasa hawana hoja. Walakini anayemwona mwenziwe kila alasiri msikitini asijifiche nyuma ya simu. Huyo hayuko mbali. Na salamu iliyoandikwa ikifika ni wajibu kuijibu. Ikipelekwa kwa kundi zima, akijibu mmoja imetosha.

Huenda mtu akasema: Kaabu bin Malik na wenziwe wawili walihamwa masiku 50 baada ya vita vya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, basi na wale wa chama kile wahamwe. Haya ni makosa. Wale walihamwa kwa amri ya Mtume mwenyewe, kwa dhambi waliyoikiri, na ikakoma kwa wahyi. Kura ni rai ya mtu katika maslaha ya dunia. Nani ameamrisha kumhama mtu kwa rai?

Na kutoka katika kundi la simu si hajri, maadamu salamu zipo. Bali likiwa ni kundi la kusengenya, na mtu hawezi kuwakataza, kutoka ni wajibu, hata kama wasengenyao ni wa chama chake na wasengenywao ni wapinzani wake.