Kompyuta Inapopoteza Mtandao: Tafuteni Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine



Mwisho wa kila robo mwaka ni kipindi kigumu kwa makatibu wa kamati. Taarifa ya mradi inatakiwa, stakabadhi zinatakiwa, picha za kisima zinatakiwa, na vyote hupitia kwenye kompyuta moja ya kupakata. Tulipokwenda upande wa Kisaki kufuatilia mradi wa maji, tulikuta kamati moja imeshaamua kununua kompyuta mpya. Ile waliyokuwa nayo ilikuwa ikipoteza waifai kila baada ya dakika chache. Taarifa ilikuwa imetumwa mara nne, na mara zote nne ikakatikia njiani. Fedha za kununulia zilikuwa zile za mauzo ya ufuta, ambazo mwanzoni zilitengwa kwa ajili ya ada za wanafunzi.

Tuliomba tupewe siku moja kabla fedha hizo hazijaguswa. Safari ya kutoka Kisaki kupitia Mvuha na Matombo hadi Morogoro mjini si ya kumfuata fundi kila wiki, hasa wakati wa masika. Kwa hiyo ni vizuri kila kamati iwe na mtu mmoja anayeweza kufanya uchunguzi wa awali yeye mwenyewe.

Kwanza tuelewe kwamba kati ya kompyuta na intaneti kuna safari mbili. Safari ya kwanza ni fupi: kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, au kwenye simu inayogawa mtandao. Hiyo ndiyo waifai. Safari ya pili ni ndefu: kutoka kwenye ruta hadi mnara wa kampuni ya simu, na kuendelea hadi kwenye mikonga ya baharini, kama ule wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009. Watu huziita zote mbili kwa jina moja, "mtandao umekatika", na hapo ndipo fedha hupotea. Kompyuta mpya haiwezi kuuponya mnara uliozidiwa wala kurudisha kifurushi kilichokwisha.

Kutenganisha safari hizo mbili hakuhitaji fundi. Chukueni simu, iunganisheni kwenye waifai ileile, kisha iwekeni mezani kando ya kompyuta. Zimeni data ya simu yenyewe, la sivyo itawadanganya: waifai ikikatika, simu itahamia kwenye data yake kimyakimya. Fungueni kurasa kwenye vyote viwili na msubiri. Vikikatika pamoja, iacheni kompyuta. Tatizo liko kwenye ruta, umeme au mnara. Ikikatika kompyuta peke yake, basi tatizo ni lake.

Kwa wenzetu hawa, simu haikutikisika. Kompyuta ilikatika mara tatu ndani ya nusu saa. Ndipo katibu, mama aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Lakini ikichomekwa kwenye umeme haisumbui." Maneno hayo yalitusaidia kuliko vifaa vyote tulivyobeba. (Tumejifunza kumuuliza kwanza anayeitumia mashine kila siku. Mara nyingi huulizwa mwisho.)

Sababu ni hii. Kompyuta inapotumia betri, Windows hubana matumizi ya umeme, na kifaa cha waifai kilicho ndani ni miongoni mwa vinavyoruhusiwa kuzimwa. Kwenye mashine nyingine kikishazimwa huchelewa kuamka. Ili kuondoa ruhusa hiyo, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M. Itafunguka orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Tafuteni sehemu ya vifaa vya mtandao na mbofye mara mbili jina lenye neno Wireless au Wi-Fi. Kwenye dirisha litakalotokea kuna ukurasa wa mambo ya umeme. Ondoeni alama ya vema katika kisanduku cha kwanza, kile kinachoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Betri itaisha mapema kidogo, lakini taarifa itafika. Baadhi ya kompyuta mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, zimeni hali ya kuokoa betri wakati wa kutuma.

Kama hilo halikusaidia, iambieni kompyuta iusahau mtandao huo, kisha iunganisheni upya kwa nywila. Windows 10 na 11 pia huweza kutoa taarifa ya siku tatu zilizopita, ikionyesha saa ya kila mkatiko na sababu yake. Andikeni cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungueni kwa ruhusa ya msimamizi, kisha mwandike netsh wlan show wlanreport. Hata msipoielewa yote, mpeni fundi, itamwokoa kubahatisha.

Siku ileile taarifa ilitumwa. Fedha za ufuta zikarudi kwenye ada.

Haikuishia hapo. Baada ya wiki chache walitupigia simu: sasa mtandao unakatika jioni, na simu nazo zinakatika. Tuliwaomba waangalie taa za ruta. Zilikuwa zinazimika zote, kisha zinawaka upya moja moja. Hiyo ni dalili ya umeme kupungua. Ruta yao ilihitaji volti 12, nayo ilichangia betri ya sola na simu za majirani zilizoletwa kuchajiwa. Kikao kilichoamua simu zichajiwe mchana tu kilikuwa kigumu kuliko kazi yote ya kompyuta.

Jambo jingine ni mahali pa kuweka ruta. Mawimbi ya waifai hayapenyi bati wala kabati la chuma, kwa hiyo msiifungie stoo kwa kuogopa wezi. Ikiwa ruta inatoa mitandao miwili, ule wa gigahezi 2.4 hupita kwenye kuta za matofali vizuri kuliko ule wa 5. Na kama meza ya katibu haihami, nunueni waya wa mtandao. Hufanya kazi hadi mita 100 na haujali betri.

Kwa wafadhili: bajeti nyingi tunazoziona zina mstari wa kununua kompyuta, lakini hazina mstari wa matengenezo, waya wala betri ya sola. Tunaomba mstari huo uwepo.

Maswali ya kujadili kwenye kikao: Kompyuta yetu ya mwisho tuliiacha kwa sababu gani hasa, na nani aliichunguza? Ni nani kati yetu, mbali na katibu, anayeweza kufanya jaribio la simu? Betri ya sola ya ofisi inalisha vitu vingapi leo?