Kupandisha kasi ya prosesa iliyofungwa, Kisangani

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi yanayotolewa na bodi mama, na kizidishi kilichowekwa ndani ya prosesa yenyewe. Core 2 Quad Q6600, iliyotoka mwaka 2007, hupokea mapigo ya megahezi 266 na kuyazidisha kwa 9; jibu ni gigahezi 2.4. Prosesa huitwa iliyofungwa pale kiwanda kinapozuia kizidishi kisipande. Tangu 2010 Intel imekuwa ikiacha kizidishi wazi hasa kwa prosesa zenye herufi K mwishoni mwa jina, nazo ndizo ghali. Kompyuta za mitumba kutoka maofisi ya Ulaya, kama HP na Dell zinazotumika kuchapa kazi za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, karibu zote hubeba prosesa zilizofungwa. Fundi wa Makiso au Mangobo anayetaka kasi zaidi hana budi kuitafuta kwingine: kwenye mapigo ya msingi, kwenye mipaka ya umeme, au kwenye upoozaji.

Joto na umeme hutangulia yote hayo. Kisangani iko karibu na ikweta, na mchana chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 30 au zaidi karibu mwaka mzima. Kipozeo kinachoiacha prosesa nyuzi 45 juu ya joto la chumba kitaonyesha 65 katika ofisi ya Brussels yenye nyuzi 20, na 77 katika chumba chenye nyuzi 32. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya hayahesabu tofauti hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua kasha, kupuliza vumbi jekundu lililoziba mapezi ya kipozeo, kufuta pesti ya joto iliyokauka na kupaka mpya. Kwenye mashine ya mtumba, kazi hiyo peke yake mara nyingi hurudisha kasi ambayo mwenyewe hakujua kwamba ilipotea, kwa sababu prosesa inayokaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo yenyewe.

Umeme wa mji hutoka kwenye kituo cha SNEL, shirika la umeme la taifa, kwenye maporomoko ya mto Tshopo, chenye mashine tatu. Hautoshi mji, hukatika, na volti hushuka. Wakati wa mgao watu hugeukia jenereta au sola, na hapo kila wati hulipiwa kwa mafuta au kwa betri. Matumizi ya umeme ya prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Q6600 ikitoka gigahezi 2.4 hadi 3.0 bila kuongezewa volti, hula takriban asilimia 25 zaidi. Ikipandishwa pia kutoka volti 1.25 hadi 1.35, nyongeza hufika karibu asilimia 46. Ndiyo maana Kisangani kasi inayopatikana bila kugusa volti ndiyo ya kutafutwa. Kilichobaki ni anasa inayochoma petroli, tena inahatarisha bodi ambayo mbadala wake utapanda jahazi kutoka Kinshasa kwa safari ya kilomita 1,700 hivi za mto, au kupitia barabara ya Bunia na Butembo.

Kizazi cha Core 2 ndicho rafiki mkubwa wa fundi. Mapigo ya msingi hayajafungamanishwa na vifaa vingine, mradi BIOS ishikilie PCI kwenye megahezi 33 na PCI Express kwenye 100. Ukibadilisha 266 kuwa 333, Q6600 inakuwa ya gigahezi 3.0, na RAM ya DDR2-667 inabaki katika kasi yake halali ikiwekwa uwiano wa moja kwa moja. E8400, yenye kizidishi 9, hutoka 3.0 hadi 3.6 kwa mapigo ya 400, lakini hiyo inadai DDR2-800 na bodi nzuri.

Bodi za Dell na HP hazina sehemu ya kubadilisha mapigo katika BIOS. Hapo hutumika mbinu ya selotepu. Chini ya prosesa kuna vituo vya mguso vinavyoiambia bodi mapigo yanayotakiwa. Kipande chembamba cha selotepu kikifunika kituo sahihi, bodi hudhani imewekewa prosesa ya megahezi 333. Mchoro wa vituo vya prosesa husika lazima uwe mkononi kabla ya kukata selotepu. Bodi isiyokubali mapigo hayo haitawaka, na ukibandua selotepu kila kitu hurudi kilivyokuwa.

Mambo yalibana mwaka 2011 na kizazi cha Sandy Bridge. Mapigo ya msingi, sasa megahezi 100, yakaunganishwa na SATA, USB na PCI Express. Kuyapandisha zaidi ya asilimia 3 hadi 5 huanza kuvuruga diski, na mtu anayehifadhi tasnifu za wateja asijaribu. Hata hivyo kulibaki mwanya: kwenye bodi zenye chipseti ya P67, Z68 au Z77, prosesa zilizofungwa za Core i5 na i7 za Sandy Bridge na Ivy Bridge ziliruhusiwa hatua nne za kizidishi juu ya Turbo, yaani kasi ambayo prosesa hujipandishia yenyewe. Core i5-2400, ambayo Turbo yake huishia 3.4, hufika 3.8 kori moja ikifanya kazi. Bodi za H61 au Q67 hazina mwanya huo, na kizazi kilichofuata cha Haswell kikauziba.

Mwishoni mwa 2015 Supermicro, kisha ASRock, walitoa BIOS zilizofungua mapigo ya prosesa za kizazi cha Skylake. Core i3-6100 yenye kizidishi 37 iliweza kufika gigahezi 4.7 kwa mapigo ya 127. Lakini sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa ilizimika, vipimo vya joto vikapotea, na Februari 2016 Intel ikataka mlango ufungwe. Januari 2022 Mjerumani anayejulikana kama der8auer alionyesha i5-12400 ikipita gigahezi 5, safari hii kwenye bodi ghali yenye kizalishi chake cha mapigo. Kwa bei ya bodi kama hiyo ni nafuu kununua prosesa kubwa zaidi.

Kwa vizazi hivi vipya, faida ya kweli iko kwenye mipaka ya umeme. i5-12400 huruhusiwa wati 117 kwa muda mfupi, kisha hurudishwa kwenye 65. Bodi ikiruhusu mpaka huo wa pili kuinuliwa, na kipozeo kikistahimili, Turbo hudumu muda wote wa kutengeneza video ya harusi. Kizidishi hakijaguswa hata kidogo. RAM mbili zinazolingana badala ya moja husaidia pia.

Mapigo hupandishwa megahezi 5 hadi 10 kwa hatua, na kila hatua hupimwa. Memtest86+ hukagua RAM, Prime95 huielemea prosesa kwa saa kadhaa, na joto husomwa kwenye HWiNFO saa nane mchana, wala si usiku. Kosa moja la Prime95 linatosha kurudi hatua mbili nyuma, hata kama Windows inaonekana salama.

Mwisho hukaguliwa betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi. Umeme ukikatika kila siku, betri hiyo ndiyo inayotunza mipangilio ya BIOS. Ikichoka, mashine huamka na kasi ya kiwandani na tarehe ya zamani. UPS nayo ichaguliwe kwa wati, si kwa VA iliyoandikwa kwa herufi kubwa, maana yenye VA 650 kwa kawaida haibebi hata wati 400, na skrini imo katika hesabu hiyo.