Simba Mwenye Jino Bovu

Ndugu mfanyakazi, mnyama mwindaji si mjinga. Simba mzima hupima: nyati akimwonyesha pembe humwacha, maana jeraha moja kwake ni njaa. Lakini mwaka 1898, huko Tsavo, Kenya, simba dume wawili walipenya maboma ya miiba na kuwala wafanyakazi wa reli. Waliuawa Desemba mwaka ule. Mafuvu yao yapo Chicago, na wataalamu wameyapima: mmoja alikuwa na jino la chonge lililovunjika, mzizi umejaa usaha. Huyo ndiye aliyekula watu wengi zaidi. Wataalamu wanaona hakuweza tena kushika nyati. Mtu ni laini. Mwenzake hakuwa na ugonjwa mkubwa wa meno, ila walitembea pamoja.

Maumivu na njaa hugeuza kipimo cha hatari, hata kwetu Kalehe. Mwenye homa, au asiyekula tangu jana, huona shimoni mti wa kuegemeza umepasuka, naye husema: «Utashika tu.» Wenzake humfuata. Basi jino likiuma, usilinyamazishe kwa pombe. Pita dispanseri kabla ya zamu, na kapita apate habari. Nawe mama, baba akikesha kwa maumivu, usimwache aondoke bila uji.