Shahada na Kibarua: Ukosefu wa Ajira kwa Vijana Wasomi wa Mombasa

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumkemea kijana msomi asiye na ajira. Makala haya yanaipima kauli hiyo Mombasa, hasa Kibarani, eneo lililo ng'ambo ya Makupa ukitoka kisiwani, ambako malori ya bandarini hupita kuelekea bara.

Neno kibarua ni udogo wa barua. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi, na jina la karatasi likaishikilia kazi yake. Kazi hiyo iliitawala bandari ya Kilindini hadi baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, serikali ya kikoloni ilipoanza kuipunguza. Ajabu ni kwamba mwenye shahada sasa anarejea kukitafuta kibarua. Sababu tatu zinabainika.

Kwanza ni sera ya serikali. Hadi 1998 mhitimu wa ualimu nchini Kenya aliajiriwa moja kwa moja. Utaratibu huo ulipositishwa, walimu, wakiwamo wa Kiswahili, walianza kungojea nafasi zitangazwe. Vyuo navyo viliendelea kuongezeka: Chuo Kikuu cha Pwani na kile cha Kiufundi cha Mombasa vilipewa hati mwaka 2013.

Pili, mji unategemea bandari mno. Makontena yalipunguza haja ya makuli. Kisha, kuanzia 2018, reli ya SGR ilipobeba mizigo na makontena mengi kuelekezwa Nairobi, kazi za ukarani, uwakala wa forodha na maghala zilihama pamoja nayo. Mwaka 2019 wakazi waliandamana. Shughuli za kutoa mizigo ziliagizwa kurejeshwa Mombasa mwaka 2022. Uamuzi uliopitishwa mbali ulifunga milango ambayo wahitimu wengi walikuwa wakiibisha.

Tatu ni sharti la uzoefu. Shahada, kiasili, ni ushahidi. Hata hivyo, mwajiri hudai ushahidi wa pili, miaka ya kazi, nao haupatikani bila kuajiriwa.

Kwa hivyo, vyuo havina budi kuyafanya mafunzo ya kazini kuwa sehemu ya masomo, na idara za Kiswahili zifundishe tafsiri, ukalimani na uhariri kama ufundi wa kujipatia riziki. Kabla ya kumlaumu mchagua jembe, na iulizwe kwanza kama shamba lipo.