SOMO: KAMERA NGENI

Tangazo fupi la sabuni kwenye televisheni laweza kuchukua siku nzima kutengenezwa. Leo tutajifunza jambo moja kutokana na kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa duka moja pale Ubungo, Dar es Salaam. Mwenye duka amefunga biashara yake siku moja ili tangazo lipigwe picha humo. Mpiga picha ni fundi wa miaka mingi. Lakini kamera yake imeharibika, kaletewa nyingine ya kukodi, iliyotoka Marekani. Hajapata kuishika.

Je, afanyeje? Akisema, "Aa, kamera zote ni moja," ataingia hasara. Kwa nini?

Dukani mna taa za tyubu. Umeme wetu wa Tanzania ni wa hezi 50. Maana yake taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Macho yetu hayaoni, lakini kamera huona. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60. Kamera ya huko huenda imepangwa kufuata umeme huo. Ikitumiwa hivyo Ubungo, picha zitachezacheza: moja ina mwanga, nyingine ina giza. Siku ya duka imepotea bure, na fundi hatalipwa.

Fundi mwenye busara hufanya hivi:

1. Hufika mapema kabla ya wenzake.
2. Husoma kijitabu cha maelezo. Asipoelewa, humwuliza mwenye kamera, hata kama ni kijana kuliko yeye.
3. Huipanga kamera ipige picha 25 kwa sekunde. Kila picha hupokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde.
4. Hupiga picha chache za majaribio na kuzitazama.

Hapo ndipo huanza kazi.

Ndugu msomaji, nasi vijijini ni vivyo hivyo. Ukinunua bomba jipya la kunyunyizia dawa ya pamba, usiseme umezoea. Sasa unajua kusoma. Soma maelezo, kisha jaribu kwanza kwa maji matupu. Kuuliza si ujinga.

MASWALI

1. Kwa nini picha zingechezacheza?
2. Fundi alifanya nini kabla ya kuanza kazi?
3. Wewe una chombo gani ambacho hujasoma maelezo yake?