Mzio wa Chakula: Seli za Kinga Zinapozichokoza Neva za Tumbo

Mtoto anayekataa yai kila anapopewa huambiwa amedekezwa. Huenda tumbo lake lina sababu.

Ukuta wa utumbo umejaa neva, na kando ya neva hizo hukaa seli za kinga ziitwazo seli za masti. Kwa mwenye mzio, au aleji, mwili umeichukulia protini ya chakula fulani, kama vile yai, maziwa, njugu au samaki, kuwa adui, ukaitengenezea kingamwili aina ya IgE. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli za masti. Chakula kile kikiliwa tena, seli humwaga histamini na kemikali nyingine, na neva za jirani huchokozeka. Misuli ya utumbo hujikaza. Mtu husokotwa na tumbo, hutapika au huhara.

Habari hizo hufika hata kwenye ubongo. Mwaka wa 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba panya wenye mzio wa protini ya yai huyakwepa maji yaliyotiwa protini hiyo. Panya wasio na IgE au seli za masti hawakuyakwepa vile. Panya si mtoto, na watoto wengi hukataa chakula kwa sababu nyingine kabisa. Hata hivyo, kumlazimisha mtoto ale kinachomuumiza kila mara ni hatari.

Tumbo kujaa gesi baada ya kunywa maziwa, jambo la kawaida kwa watu wazima wengi, mara nyingi si mzio. Ni sukari ya maziwa isiyosagika vizuri, na kinga ya mwili haihusiki.

Mzazi mwenye shaka aandike mtoto alikula nini, saa ngapi, na dalili zilianza lini. Dalili za mzio wa IgE kwa kawaida hutokea kati ya dakika chache na saa mbili. Apeleke maandishi hayo kituo cha afya kabla ya kumwachisha mtoto mayai au maziwa, maana mtoto anayekua anahitaji protini.

Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana au mtu akizirai baada ya kula, akimbizwe hospitalini mara moja. Tiba ya kwanza hapo ni sindano ya adrenalini. Vidonge vya aleji vya dukani havitoshi.